Nani Ameshika Pesa Kabla Mzigo Haujafika?

Barua za mwezi huu zimekuja na picha nyingi kuliko maneno: blenda iliyoagizwa na ile iliyoletwa, viatu vya ngozi vilivyofika vikiwa plastiki, ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mtu ambaye hapokei simu tena. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na jirani. Hela zote hapa ni shilingi za Kenya.

Hamjambo wahariri. Copia walifunga, Jumia Food wakafunga, lakini hapa kwetu boda hawakauki getini wakileta mizigo ya watu. Sasa hii biashara ya mtandaoni inakua ama inakufa? — Msomaji, Kasarani

Inakua, ndugu yetu, ila haikui pale ambapo wenye mitaji mikubwa waliitegea.

Kuagiza bidhaa ukiwa umekaa nyumbani ni jambo lililowezekana zamani. Mwaka 1984, mjini Gateshead, Uingereza, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball aliagiza majarini, mayai na kokonifleksi kutoka Tesco kwa rimoti ya televisheni. Kilichobaki kigumu mpaka leo ni yule mtu wa kuyabeba mayai hadi mlangoni. Amazon ilipofungua duka mwaka 1995 ilianza na vitabu, navyo vilifaa kusafirishwa: kitabu hakivunjiki, hakijaribiwi saizi, na posta ya Marekani tayari ilijua kila nyumba ilipo.

Nairobi mzigo haufuati anwani, unafuata simu. "Uko karibu na nini? Ukiona petroli steji nipigie." Kila simu ya namna hiyo ni dakika za mwenye boda, na dakika zake ni pesa. Chukua kikaango cha 700 chenye faida ya 140, na boda wa 250 kutoka katikati ya jiji hadi kwenu. Mteja akilipa nauli, bei imepanda kwa zaidi ya theluthi. Muuzaji akiilipa, amepoteza 110 kwa kikaango alichouza vizuri kabisa. Jumia, iliyoingia Kenya mwaka 2013, na Kilimall, iliyoanza 2014, hupunguza maumivu haya kwa vituo vya kuchukulia mizigo: gari moja linashusha vifurushi vingi mahali pamoja, nanyi mnavifuata kwa miguu. Chakula cha moto hakingoji kituoni, na faida yake kwa kila sahani ni ndogo. Jumia iliachana na Jumia Food mwishoni mwa 2023 ikabaki na bidhaa. Copia nayo iliwauzia watu wa vijijini na pembezoni mwa miji kupitia maajenti wa madukani, yaani safari ndefu kwa vitu vya bei ndogo. Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi.

Kinachokua ni biashara isiyo na ghala wala tovuti. Ni msichana mmoja ndani ya eksibisheni (jengo la vibanda vingi) ya Moi Avenue, simu iliyosimamishwa juu ya boksi la viatu, TikTok laivu saa mbili usiku, maongezi WhatsApp, nambari ya Till (ya kulipia biashara kwa M-Pesa), na boda kesho asubuhi. Kodi ya kibanda angeilipa hata bila mtandao, kwa hiyo kila oda ya mtandaoni ni nyongeza. Misingi ya jambo hili ilijengwa M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na ikakazwa na corona. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku chache baadaye Safaricom ikaondoa ada ya kutumiana hadi 1,000. Watu wakazoea kulipia hata sukumawiki kwa simu.

Kwa kulinganisha, Marekani ununuzi wa mtandaoni ulipanda katika miezi ile ya 2020 kutoka kama asilimia 11 au 12 ya rejareja yote hadi kama 16, ukashuka kidogo maduka yalipofunguliwa, kisha ukarudi pale pale. China umepita robo. Hapa kwetu, mtu akikutajia asilimia kamili, muulize amehesabuje mauzo ya WhatsApp.

Nimeona viatu Instagram, 2,800. Muuzaji anataka pesa yote mbele, tena kwa namba ya simu, si Till. Nikimwambia nitalipa nikipokea anasema hiyo haiko. Huyu ni tapeli? — Dada wa Umoja

Huenda, ila kukataa malipo ya kupokea peke yake si ushahidi. Wauzaji wengi waaminifu wameacha mtindo huo kwa sababu wamechoka kutuma boda kwa mtu aliyezima simu. Mzigo ukirudi, nauli imeliwa mara mbili na viatu havijauzwa. Hapo ndipo penye ugomvi wa soko lote hili: ukilipa kwanza, hatari yote ni yako, ukilipa mwisho, hatari yote ni yake. Dawa ni kuigawanya.

Mwambie utalipa nauli ya boda sasa, tuseme 250, na hizo 2,800 utazilipa ukiwa umevishika viatu. Muuzaji wa kweli kwa kawaida hukubali, kwa sababu hofu yake kubwa ni ile nauli. Tapeli hukataa, kwa kuwa 250 si alichokuja kutafuta. (Wapo wa kula hata hiyo 250, lakini hasara yake utailala na kuamka.) Wasiokubali hivyo, waambie mzigo upitie kwa ajenti wa vifurushi mtaani kwenu, Pickup Mtaani na wengine wa aina hiyo, au utumie jamaa yako anayefanya kazi mjini apite dukani. Muuzaji asiyekuwa na mahali pa kupitiwa, hata eksibisheni ya kushirikiana, basi asipewe pesa mbele.

Kabla ya hapo fanya uchunguzi wa dakika kumi. Kwenye ukurasa wa Instagram bonyeza vile vidoti vitatu, ufungue sehemu ya kuhusu akaunti hiyo: utaona ilifunguliwa lini, na mara nyingi imebadilisha jina mara ngapi. Duka la "viatu tangu 2016" lililobadilisha jina mara tano huenda ni akaunti iliyonunuliwa. Tazama kama maoni yamefungwa. Tazama picha ambazo wateja wenyewe wamemtaja, si zile alizopandisha yeye. Halafu omba video ya hivyo viatu vya saizi yako, kando yake kikaratasi chenye jina lako na tarehe ya leo. Picha za kuibwa hazina kikaratasi chako.

Kuhusu namba ya simu dhidi ya Till: Till hukuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha, na mteja hakatwi ada. Kutuma kwa namba ya kawaida hukuonyesha jina la mtu; lilinganishe na jina analolitumia. "Mary's Shoe Collection" inayopokea pesa kwa jina la Onesmus si lazima iwe na kosa, lakini uliza, na usikilize anavyojibu.

Mzigo ukifika, wengi huumia hapa. Mwenye boda ni mbebaji tu; anaweza kukwambia hana ruhusa ya kufungua, na huenda ni kweli. Kwa hiyo kubaliana na muuzaji mapema, kwa maandishi, kwamba utafungua na kujaribu kabla ya kulipa. Fungua ukirekodi video bila kuikatiza, kuanzia gundi ikiwa haijabanduka. Jaribu viatu vyote viwili: wa kushoto 39 na wa kulia 40 ni jambo la kawaida kuliko mnavyofikiri.

Ukishalipa na mtu akapotea, pitisha ujumbe mzima wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, bila kwanza kubembelezana naye. Elewa hata hivyo kwamba njia hiyo iliwekwa kwa ajili ya pesa iliyokwenda kwa namba isiyo sahihi. Kama pesa bado iko kwenye akaunti yake inaweza kuzuiwa. Kama ameshaitoa, Safaricom haina cha kukurudishia. Hatua inayofuata ni kupiga ripoti polisi, au Mahakama ya Madai Madogo. Hii ilianza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, husikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kusimama bila wakili. Ila lazima ujue unayemshtaki ni nani na anapatikana wapi. Ndiyo sababu tunasisitiza mahali pa kupitiwa.

Niliagiza blenda ya lita 1.5, nikaletewa ya nusu lita. Muuzaji anasema niirudishe kwa nauli yangu, na eti "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Ana haki? — Mama wa South B

Hapana, mama. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo yale, na unapewa nafasi ya kutosha ya kuikagua kabla hujahesabiwa kuwa umeikubali. La maana zaidi kwako: ukiwa na haki ya kuikataa, hulazimiki kuirudisha. Inatosha kumjulisha kwamba umeikataa. Kuja kuichukua ni juu yake. Mtumie ujumbe wa maandishi leo, useme waziwazi "naikataa", uambatanishe picha ya tangazo na picha ya kilichokuja, halafu usiitumie. Ukishaitengenezea avokado mara tatu, ni vigumu kusema uliikataa.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia ukipata hasara. Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012 nayo inamtaka muuzaji wa mtandaoni akueleze mambo ya msingi kabla hujakubali, na akupe nafasi ya kusahihisha makosa. Asipofanya hivyo unaweza kuvunja mkataba ndani ya siku 7 baada ya kupata nakala yake. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani.

Msichanganye hayo na kubadili nia. Gauni likifika jinsi lilivyoonyeshwa, rangi ile ile, saizi uliyoitaja, lakini halikupendezi ukijitazama kwenye kioo, sheria haimlazimishi muuzaji kulirudisha. Hapo unategemea masharti ya duka, kwa hiyo yasome kabla ya kulipa.

Nataka kununua simu na paweibanki mtandaoni. Boda akiwa mlangoni nina dakika tano hivi. Niangalie nini? — Kijana wa Kayole

Anza na *#06#. Itatokea IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15; simu ya laini mbili hutoa mbili. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, boksi ni la simu nyingine na dhamana haipo. Plastiki ya kufunikia boksi isikudanganye, mashine ya kuifunga inapatikana.

Kisha iwashe ukiwa na intaneti yako. Hapa ndipo simu nyingi za "bei ya kutupa" huumbuka. Ikikuomba barua pepe ya mtu aliyekuwa akiitumia, imefungwa kwa akaunti yake, na huenda iliibwa. Ikiunganika mtandaoni halafu ikaonyesha kwamba inasimamiwa na kampuni, huenda hiyo ni simu ya mkopo ambayo mwenyewe ameacha kulipa. Inaweza kujifunga siku chache zijazo na wewe ndiye utakayebaki nayo. Kwa simu iliyotumika, sisitiza ifutwe yote mbele yako, halafu uianzishe upya mwenyewe. Asiyetaka hilo anajua kwa nini hataki.

Paweibanki ipime kwa mizani. Iliyoandikwa 20,000 mAh (kipimo cha uwezo wa betri), kwa betri za volti 3.7, hubeba saa-wati 74. Seli za lithiamu za kawaida hubeba kama saa-wati 200 hadi 260 kwa kilo, kwa hiyo seli peke yake ni kama gramu 300 kwenda juu, bado kava na saketi. Ukiipeleka kwa muuza sukari ikasoma gramu 150, uwezo ulioandikwa hauwezi kuwemo. Na zile nzito ajabu? Zimeshawahi kufunguliwa zikakutwa na mchanga au vipande vya chuma, kwa hiyo uzito unakusaidia kukataa kuliko kukubali.

Flashi au kadi ya kumbukumbu ya terabaiti 1 kwa 900 usiinunue kabisa. Kipande kinachoiongoza kimebadilishwa ili kidanganye kompyuta kuhusu ukubwa. Unahifadhi picha za harusi, zinaonekana zimeingia, kumbe baada ya gigabaiti chache mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani. Kama umeshanunua, ijaze kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta ya Windows: huandika data hadi ukingoni kisha huisoma tena na kukwambia ukweli. Fanya siku ile ile, si baada ya mwezi.

Kuna simu ya 15,000 taslimu, ama nitoe 3,000 kisha 65 kwa siku kwa mwaka mmoja. Hiyo 65 ni kama nauli tu. — Msomaji, Kawangware

65 mara 365 ni 23,725. Ongeza 3,000, umefika 26,725. Sasa itazame hivi: baada ya kutoa 3,000 umekopa 12,000, na unazilipa kwa 23,725, karibu mara mbili. Mpango wa kulipa kidogo kidogo umewaingiza watu wengi mtandaoni, na kwa anayehitaji simu ya kazi leo huenda ukawa na maana. Lakini muuzaji anakutajia bei ya siku kwa makusudi. Kila mara izidishe, na uulize mambo mawili: ukikosa siku tatu inajifunga? Ukimaliza mapema wanapunguza, au jumla ni ile ile?

Nguo na vyombo vya nyumba China ni bei rahisi mno. Nikiagiza, hesabu ya mwisho ikoje? Rafiki yangu alitozwa karibu nusu ya bei. — Msomaji, Eastleigh

Rafiki yako hakuibiwa. Forodha huhesabu thamani ya bidhaa pamoja na usafiri na bima hadi kufika Kenya. Tuseme jumla hiyo ni 10,000 na bidhaa iko katika kiwango cha ushuru cha asilimia 25. Ushuru ni 2,500. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 hutozwa juu ya 12,500, siyo juu ya 10,000, nayo ni 2,000. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, ni 250. Tozo ya maendeleo ya reli, asilimia 2 tangu mabadiliko ya Desemba 2024, ni 200. Jumla 4,950. Na nguo ulizozitaja ziko pabaya zaidi: Afrika Mashariki ina kiwango cha asilimia 35, na nguo ni miongoni mwa bidhaa zinazolengwa. Viwango hivi huguswa karibu kila mwaka bajeti inaposomwa Juni, kwa hiyo angalia vya mwaka huo kabla hujaagiza.

Wengi Nairobi hawapiti njia hiyo. Hutumia wasafirishaji wanaokupa anwani ya ghala lao Guangzhou, wanakusanya mizigo ya watu wengi, kisha wanakutoza kwa kilo ikija kwa ndege au kwa mita za ujazo ikija kwa meli, kodi ikiwa ndani. Ni rahisi, ila kuna mtego wa uzito wa ujazo. Boksi la mito ya kulalia lenye sentimita 50 kwa 40 kwa 30 lina ujazo wa 60,000. Gawanya kwa 6,000, kama yanavyofanya mashirika mengi ya ndege, utapata kilo 10. Makampuni ya vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000, utapata 12. Mito yenyewe ina kilo 4. Utalipia kile kikubwa. Muulize msafirishaji anagawanya kwa ngapi, kisha mwambie muuzaji wa China akamue hewa au atoe maboksi ya ndani. Kwa bidhaa nyepesi zenye kujaa, meli. Kwa vito, vipuri vya simu na nyusi bandia, ndege.

Uliza pia, kwa maandishi, mzigo ukizuiliwa ni nani atakayebeba gharama. "Kodi ikiwa ndani" bila risiti ya forodha maana yake ni kwamba ukikamatwa huna karatasi ya kuonyesha.

Nauza magauni ya mitumba kutoka Gikomba kwa TikTok na WhatsApp. Wateja wanarudisha sana, na wiki iliyopita mtu alinitumia ujumbe bandia wa M-Pesa. Tena naambiwa KRA, watu wa kodi, wanakuja. — Mama Biashara, Dagoretti

Tuanze na kurudisha, maana ndiko pesa yako inakovujia. Saizi ya kwenye lebo iache. Gauni la 12 la Uingereza ni 8 la Marekani na 40 la Ulaya, na marobota yana yote matatu. Lilaze gauni mezani, pima kwapa hadi kwapa kwa sentimita: 48 maana yake kifua 96. Pima kiuno na nyonga vivyo hivyo, na urefu kutoka begani. Halafu mwambie mteja asijipime mwili. Apime gauni lake mwenyewe linalomkaa vizuri, mlinganishe. Kitambaa kinachovutika na kisichovutika useme. Doa, uzi uliotoka, zipu nzito, vipige picha vya karibu na uvitaje kwa sauti kwenye laivu. Unaogopa kupoteza mauzo? Unayempoteza pale ni yule yule ambaye angelirudisha.

Hata ukifanya yote, mengine yatarudi. Yaweke kwenye bei. Kwa mfano, kati ya oda 100 zinarudi 12, na kila safari ya bure inakugharimu 400 kwenda na kurudi. Hiyo ni 4,800. Gawanya kwa magauni 88 yaliyouzwa: kila moja linabeba kama 55. Wauzaji wengi huona faida ya 150 kwa gauni na kushangaa mwisho wa mwezi haipo. Hizi 55, nauli ya Gikomba, bando za intaneti na magauni mabovu yaliyokutwa ndani ya robota ndiyo yameila.

Ujumbe bandia: usisome ujumbe, soma salio. Ujumbe wa kweli huingia kwenye mfululizo ule ule wa M-Pesa uliouzoea, si kutoka namba ya mtu, lakini ukiwa na wateja saba wanasubiri ni rahisi kupitiwa. Piga *334# uangalie pesa imeingia ndipo boda aondoke. Kuna wizi mwingine wa kinyume: mteja analipa kweli kwa namba yako ya kawaida, anapokea gauni, kisha anadai 456 kwamba alikosea. Ndiyo sababu tunakushauri Till au Pochi la Biashara (akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo), ambako pesa hairudishwi bila wewe kuhusishwa. Na weka maongezi yote mpaka wiki mbili zipite: oda, kipimo, eneo, jina la aliyepokea.

Kodi sasa. Ikiwa mauzo yako kwa mwaka (mauzo, si faida) yanazidi 1,000,000 lakini hayafiki 25,000,000, kodi ya mauzo ni asilimia 3, inalipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Chini ya 1,000,000 hiyo haikuhusu. Mauzo ya 5,000,000 kwa mwaka yanakuingiza kwenye VAT. Angalia hapa: 1,000,000 kwa mwaka ni kama 83,000 kwa mwezi, yaani magauni manne hivi ya 700 kila siku, na mauzo ya Till huacha alama. Tenganisha laini ya biashara na laini ya nyumbani ili pesa ya chama na karo isihesabiwe kuwa mauzo.

Jambo dogo ambalo hukuliuliza ila tumeliona kwenye picha ulizotutumia: unabandika maongezi ya wateja wenye furaha kwenye stetasi, namba zao za simu zikionekana. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuruhusu kutangaza taarifa za mtu bila ridhaa yake. Zifute namba, au omba ruhusa na uihifadhi hiyo ruhusa.

Ofa za Novemba ni za kweli? — Msomaji, Lang'ata

Baadhi. Soko hilo la Novemba limechanganya Black Friday ya Marekani na tarehe 11 Novemba ambayo Alibaba iliigeuza sikukuu ya manunuzi mwaka 2009. Unachotakiwa kukipuuza ni bei iliyokatwa kwa mstari. Hakuna anayethibitisha kama iliwahi kutozwa. Katikati ya Oktoba piga picha za skrini za vitu vitano unavyovitaka. Siku ya ofa linganisha, kisha pigia duka moja la Luthuli kwa vya umeme au Kamukunji kwa vyombo, uulize bei ya taslimu ya kawaida. Na angalia nambari kamili ya modeli: televisheni ya inchi 43 yenye herufi moja tofauti mwishoni inaweza kuwa na skrini na dhamana tofauti kabisa na ile uliyoipiga picha Oktoba.